Asubuhi ya Tatu na ya Nne

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima, Delphine alikuwa ameshawasha jiko la kuni, ameshabandika birika, na ameshatumbukiza miguu ndani ya mabuti ya mpira ya mama yake. Mabuti hayo yalimpwaya. Alikuwa akisokota gazeti la zamani na kulishindilia mbele, kwenye vidole, ndipo yakakaa vizuri. Kisha alichukua kipande cha mkate wa kukaanga kilichobaki jana yake, akatoka kwa mlango wa nyuma na kushika njia ya maporomokoni.

Hakuwa na mtu wa kumuaga. Bibi yake, Bibi Eunice, msimu wa samaki aina ya samoni ukikaribia hakukamatika nyumbani. Alfajiri alikuwa kando ya mto kwenye banda la moshi, akizoa majivu ya mwaka jana, akikagua fito za kuanikia, akigombana na panya waliohamia humo wakati wa baridi. Nyumba ilibaki kimya, na kwenye ukuta wa jikoni simu nyeusi ilining'inia bila kulia.

Mto ule ni tawi la mto Skeena. Hushuka kutoka milimani, hupita Kijiji cha Juu, halafu hufika mahali ambapo mwamba umekatika ghafla, na hapo maji huanguka kwa kishindo, kimo cha nyumba mbili. Chini yake ndipo kilipo Kijiji cha Chini, kwao Delphine. Samoni hutoka baharini wakirudi kutaga mayai kule juu walikozaliwa, na maporomoko hayo ndiyo yanayowakwamisha. Katikati hawapiti. Hata samoni awe na nguvu namna gani, akirukia katikati huangushwa chini. Lakini upande wa kushoto maji yamechonga mwamba ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina kidimbwi cha kupumzikia. Watu wanapaita Ngazini. Samoni hupanda hapo taratibu mpaka kwenye bwawa tulivu lililo juu, kisha huendelea na safari yao.

Samoni wa kwanza wanapofika, hakuna mtu wa Kijiji cha Chini anayetia wavu majini. Nyavu zote hubaki zimetundikwa hadi mwangalizi awe amewaona samoni kwenye bwawa la juu asubuhi nne mfululizo. Samoni wa asubuhi hizo nne ni wa kwenda kutaga, na ni riziki ya watu wa juu. Baada ya hapo kila mtu huvua. Uangalizi huo ni kazi ya wanawake wa nyumba ya kina Delphine, maana maporomoko ni ya nyumba yao. Bibi aliifanya, mama akaipokea, na mwaka huu ikamwangukia Delphine, mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku hizo hakuna mwingine anayepanda kule. Kumfuata mwangalizi nyuma ili kuhakikisha ni kumwita mwongo mbele za watu, na hakuna aliyekuwa tayari kumtukana mtu wa nyumba hiyo namna hiyo.

Mama yake Delphine alikuwa Prince Rupert, pwani, tangu mwezi wa tano. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kutia samaki makoponi, naye alilala katika bweni la wafanyakazi lenye wanawake arobaini na simu moja. Alipiga asubuhi, kabla ya zamu, siku ambayo foleni ilimruhusu. Mara mbili Delphine, akirudi kutoka maporomokoni, aliisikia simu ikilia toka uani, na alipoifikia ikawa imenyamaza. Alimkumbuka mama yake sana. Kule juu alizoea kuongea naye kwa sauti, akimweleza habari za panya wa Bibi na mabuti yanayopwaya, kwa kuwa kishindo cha maji kilimeza kila neno. Halafu aliona haya na kunyamaza.

Jumatatu moja aliwaona. Samoni wanne, migongo ya buluu, wametulia kwenye bwawa la juu kana kwamba hawakutoka mbali. Alishuka mbio hadi ukingoni mwa mto, alikokaa Mjomba Percy akinoa visu. Mjomba Percy, kaka wa mama yake, ndiye aliyesimamia uvuvi wa nyumba yao, mtu mrefu asiyependa maneno mengi.

"Umeona nini?" aliuliza. Ndivyo mwangalizi alivyoulizwa siku zote, halipunguzwi neno wala haliongezwi.

"Wapo wanne, Mjomba. Kwenye bwawa la juu."

Mjomba Percy aliinuka, akaushika mkanda wa gome la mwerezi uliofungwa kwenye nguzo ya banda la moshi, akapiga fundo. "Moja," alisema, akarudi kwenye visu vyake.

Pembeni, watoto walikuwa wakirusha mawe majini. Kati yao alikuwemo Myrtle, binti ya Mjomba Percy, msichana asiyejua kufunga mdomo.

"Nyamazeni jamani, Bi Mkubwa wa Maporomoko anapita!" Myrtle alipaza sauti. "Msimguse, atatunyima samaki!"

"Shikamoo, Bi Mkubwa!" wenzake wakaitikia wakiinama mpaka chini.

Delphine alicheka nao kidogo, asionekane ana maringo. Lakini walipomaliza kuinama walirudi kwenye mawe yao, na hakuna aliyemwita. Tangu apewe kazi ile, walimheshimu kwa mzaha na kumsahau kwa kweli, na hilo lilimwuma kuliko kutukanwa.

Jumanne aliwaona tisa. Mjomba Percy akapiga fundo la pili. Aliporudi nyumbani alimkuta Bibi Eunice jikoni, amekuja kuchukua chumvi.

"Mama yako kapiga," bibi alisema.

Delphine alisimama pale pale mlangoni. "Amesema nini?"

"Nijuaje? Simu yenyewe inakoroma. Nimemwambia, wazima! Wote wazima! Nikakata, wenzake wasije wakamfokea kwenye foleni."

"Bibi! Si ungemwambia asubiri?"

"Asubiri nini, na wewe uko maporomokoni? Labda atapiga kesho." Bibi Eunice aliegemeza mfuko wa chumvi kiunoni akamtazama mjukuu wake vizuri. "Vipi wewe, uko sawa?"

"Niko sawa," alisema Delphine.

Bibi alisubiri kidogo, akaona hakuna linalofuata, akaenda zake. Jioni ile mvua kubwa ilinyesha milimani, na mto ukaunguruma hadi kukakucha.

Jumatano Delphine alivaa mabuti, akafika mlangoni, akasimama. Alitazama njia, akatazama simu. Alijiambia kwamba samoni walikuwepo Jumatatu, walikuwepo Jumanne, na leo wangekosaje kuwepo? Akavua mabuti, akavuta kiti chini ya simu, akakaa. Alikaa saa nzima, na nusu nyingine juu yake. Simu haikulia. Alifikiri angekwenda mchana, lakini mwangalizi akionekana njiani mchana watu wangeuliza asubuhi alikuwa wapi.

"Umeona nini?" Mjomba Percy alimwuliza alipofika ukingoni.

"Wapo. Kumi na mmoja."

"Tatu," alisema Mjomba, akapiga fundo. Delphine alishangaa jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Mjomba hakumtazama mara mbili, na mbingu haikuanguka.

Alhamisi alikaa tena chini ya simu, nayo ikalia. Aliinyakua kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Delphine? Mwanangu, ni wewe kweli? Nilidhani nitampata bibi yako anipigie kelele."

"Ni mimi, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Leo hukwenda maporomokoni?"

"Nimeshakwenda. Nimewahi kurudi."

Nyuma ya mama yake sauti ya mwanamke ilisema, "Shoga, fanya haraka, zamu hiyo!" Mama akasema, "Naja, naja. Mwanangu, uko sawa kweli? Unanikumbuka?"

Delphine alikuwa na mengi ya kusema. Lakini alimwogopea mama yake asije akalia kiwandani mbele ya watu. "Kidogo," alisema. "Niko sawa."

"Hodari wangu," alisema mama, na simu ikakatika. Delphine alibaki ameishikilia sikioni muda mrefu. Alifurahi kwa dakika tano, kisha nyumba ikawa kimya kuliko kabla simu haijalia.

Siku hiyo alimwambia Mjomba Percy kwamba samoni ni wengi mno hata ameshindwa kuwahesabu. Mjomba akapiga fundo la nne, akageukia kijiji akapiga ukelele mmoja mrefu. Nyavu zikashushwa.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili watu walivua kama hawajawahi kuvua. Kila wavu ulioingia ulitoka umejaa. Visu havikupumzika, mabanda yote yalifuka moshi, na wazee walisema mwangalizi huyu mdogo ana mkono wa baraka. Bibi Eunice alimbanikia kipande cha tumbo la samoni, kile chenye mafuta ambacho hupewa mtu wa heshima, akamwekea mbele ya watu. Delphine alitafuna kipande hicho muda mrefu na hakikutaka kushuka.

Jumatatu mchana Mjomba Percy alikuwa jikoni kwa kina Delphine akinywa chai simu ilipolia. Alikuwa Mama Mkubwa Verna, dada mkubwa wa mama yake Delphine, aliyeolewa Kijiji cha Juu. Sauti yake haikuhitaji simu. Jikoni kote ilisikika.

"Percy! Huko mnakula peke yenu?"

"Dada, na wewe! Hata salamu hakuna?"

"Salamu itajaza banda langu? Tangu wiki iliyopita tumeona samoni kumi na watatu. Kumi na watatu, Percy! Watu wameshachanja kuni, chumvi ipo, samaki hakuna. Baridi ikifika tutatafuna fito?"

"Wanakuja. Pengine wanapumzika njiani. Delphine aliwaona asubuhi zote nne, mpaka akashindwa kuhesabu. Mimi neno lake linanitosha."

Kijiko kilimponyoka Delphine. Kumi na watatu. Wanne wa Jumatatu na tisa wa Jumanne, basi. Baada ya hao hakuna hata mmoja aliyepita. Alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, na safari hii hakukumbuka hata kuweka gazeti kwenye mabuti.

Alianza kuona tatizo kabla hajafika. Gogo kubwa la msonobari, lililong'olewa na mvua ile ya Jumanne, lilikuwa limelala Ngazini kwa urefu, na bapa la mwamba limelibana kwa juu. Maji yaliyozoea kushuka ngazi kwa ngazi sasa yalimwagika pembeni, na vidimbwi viwili vya juu vilibaki vitupu. Chini, mbele ya kishindo, maji yalikuwa meusi kwa samoni. Walirukia katikati kwa sababu hawakuwa na pengine pa kurukia. Waliruka, wakagonga mwamba, wakaanguka, wakaruka tena. Wengine walikuwa wamechubuka pua mpaka nyama nyeupe inaonekana. Wengine walielea ubavu juu, na mayai ambayo hayatafika popote yalikuwa yakiwatoka. Ndiyo maana nyavu zilijaa. Kijiji kilikuwa kinachota samaki waliozuiwa mlangoni.

Delphine aliingia majini akalisukuma gogo. Akalivuta, akalipiga teke. Mabuti yalijaa maji, akateleza, akapigwa goti na jiwe. Gogo halikutikisika. "Mama!" aliita kwa nguvu zake zote, na kishindo kikameza kama kawaida. Alikaa kwenye mwamba akalia. Katika vijiji vyote viwili, yeye peke yake ndiye aliyejua, na hajawahi kuwa peke yake namna ile maishani mwake.

Njiani kurudi alitunga maneno. Angesema gogo limeangukia Ngazini leo. Nani angejua? Hakuna aliyepanda kule. Alijifunza sentensi hiyo hatua kwa hatua, na alipofika ukingoni aliijua kwa moyo.

Watu wote walikuwepo, mikono ina magamba mpaka viwiko. Myrtle alikuwa wa kwanza kumwona. "He! Bi Mkubwa umeoga na nguo?"

Delphine alimpita. "Mjomba, Ngazini pamezibwa. Kuna gogo."

Visu vilisimama. Mjomba Percy aliweka chake chini polepole. "Tangu lini?"

Sentensi ilikuwepo tayari mdomoni. Delphine alimtazama mjomba, akaona kwamba angemwamini. Angemwamini bila kuuliza tena, kama alivyomwamini Jumatano na Alhamisi, na kama alivyomwambia Mama Mkubwa Verna saa moja iliyopita. Hapo ndipo neno 'leo' lilipomshinda.

"Sijui," alisema. "Sijui, Mjomba. Jumatano sikwenda. Na Alhamisi sikwenda. Sikuona kitu. Nilikaa kwenye simu nikimngoja Mama."

Mzee mmoja alitazama samaki aliyekuwa mkononi mwake, akamrudisha kwenye beseni kama kitu cha wizi. Bibi Eunice, mlangoni mwa banda la moshi, alishika kizingiti. Delphine alitamani wamfokee.

Mjomba Percy aliiendea nguzo. Alifungua fundo la nne, kisha la tatu. Vidole vyake vilikuwa vinene na mafundo yalikuwa yamekaza, kwa hiyo ilichukua muda, na watu wote wakatazama.

"Mawili ndiyo ya kweli," alisema. "Toeni nyavu majini. Zote, sasa hivi. Leteni magunia, kamba na mitaimbo. Delphine, wewe tangulia. Utatuonyesha."

Mchana ule, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtu yeyote, Kijiji cha Chini kizima kilipanda maporomokoni siku za uangalizi. Gogo halikukubali kung'oka mara moja, basi wakati wanaume wanahangaika nalo, wengine walipanga mstari kutoka chini hadi bwawa la juu. Samoni alichotwa kwa wavu wa mpini, akatiwa kwenye gunia lililoloweshwa, akapita mikono kwa mikono, akaachiliwa juu. Delphine alisimama mwanzo wa mstari, majini hadi mapajani, mikono imekufa ganzi. Aliyepokea gunia kutoka kwake alikuwa Myrtle.

Kwa muda mrefu Myrtle hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama ugonjwa. Hatimaye uvumilivu ulimshinda.

"Wewe, kwa nini hukuniambia? Ningekaa mimi kwenye simu yenu. Kwetu simu yenyewe hakuna, ningefurahi hata kuitazama."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," alisema Myrtle akipokea gunia. "Halafu ningekaa. Mama yako akipiga ningemwambia shika hapo hapo, nikaja mbio kukuita. Unajua mbio zangu."

Delphine alizijua. Aliinama kuchota samoni mwingine ili Myrtle asimwone uso.

Gogo lilitoka kesho yake, baada ya kamba mbili kukatika na Mjomba Percy kutukana kwa lugha mbili. Waliponda bapa la mwamba kwa mitaimbo, wakavuta kwa pamoja, likageuka, likashuka na maji kwa mshindo. Vidimbwi vikajaa. Watu walisimama hoi, wamelowa, wakisubiri. Samoni mmoja, pua imechubuka, aliruka ngazi ya kwanza, akapumzika, akaruka ya pili. Nyuma yake wakaja watatu, halafu watu wakaacha kuhesabu. Wapo waliolia, na Mjomba Percy alikuwa mmoja wao, ingawa yeye alidai ni maji.

Samaki waliokwisha kuanikwa siku zile hawakuwa wa Kijiji cha Chini tena. Hilo halikuhitaji mjadala. Walipakiwa wote kwenye pikapu wakapelekwa Juu, na Delphine akapelekwa nao. Alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya Mama Mkubwa Verna na wazee wa huko, akaeleza alichofanya tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Alipomaliza, Mama Mkubwa Verna alimtazama kwa muda.

"Umesema yote?"

"Nimesema yote, Mama Mkubwa."

"Haya. Limesikika. Sasa kaa ule, umekonda kama fito za bibi yako."

Mafundo yalianza upya. Asubuhi iliyofuata Bibi Eunice hakwenda bandani. Alichukua fimbo yake, akasema anakwenda maporomokoni, na kwa kuwa aliwahi kuwa mwangalizi miaka ishirini, hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Walipanda polepole, wakipumzika kila mara, mpaka wakafika bwawa la juu na kukaa kwenye mwamba.

"Bibi, nilikosa," alisema Delphine.

Bibi Eunice aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Hapa pana kelele."

"Nilikosa! Nilidanganya mara mbili!"

"Mara mbili? Hesabu vizuri." Bibi alinyoosha kidole. "Umedanganya kuhusu samaki, Jumatano na Alhamisi. Hilo limekwisha, umelisema mbele ya watu. Lakini kabla ya hapo nilikuuliza, uko sawa? Ukasema uko sawa. Alhamisi mama yako naye akakuuliza, kamwambia Percy, ukasema uko sawa. Ulikuwa sawa?"

Delphine alitikisa kichwa.

"Huo ndio uongo wa kwanza, na huo ndio uliozaa ule mwingine. Mtu akiuliza hali yako, naye pia anamwuliza mwangalizi. Anataka kujua njia iko wazi au imezibwa. Ukimwambia iko wazi na ndani mna gogo, atakusaidiaje?" Bibi alichezesha fimbo majini. "Nami nina kosa langu. Niliona uso wako siku ile, nikachukua chumvi nikaenda zangu. Nilikuwa na haraka na panya."

Delphine alicheka huku analia, na bibi akamvutia kwake.

"Nilimtuma Percy ampigie mama yako bwenini," Bibi Eunice aliendelea. "Kumbe Jumapili jioni simu ile haina foleni hata kidogo. Wenzake huenda kanisani. Atapiga kila Jumapili jioni mzungumze mpaka mchoke. Angepiga hivyo tangu mwezi wa tano kama kuna mtu angemwomba."

Walikaa wakitazama maji mpaka bibi akasema mifupa yake imeganda. Kisha wakashuka.

Ukingoni, Mjomba Percy alikuwa amesimama kando ya nguzo, mkanda wa mwerezi mkononi. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Walijifanya wana shughuli, lakini kila sikio lilikuwa wazi.

"Umeona nini?" aliuliza Mjomba.

Delphine alivuta pumzi. "Bwawa la juu wapo kumi na saba, nimewahesabu mara mbili. Ngazi ya chini kabisa sikuiona. Kuna ukungu."

"Hukuiona," Mjomba Percy alirudia.

"Sikuiona, Mjomba."

Mjomba alipiga fundo, akalikaza kwa meno. Halafu, yeye asiyependa maneno, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote: "Sikieni, na nyie watoto. Vijiji viwili vinakula kwa neno la mtu mmoja aliyepanda kule peke yake. Mimi sihitaji mwangalizi anayeona kila kitu. Nahitaji anayeweza kuniambia 'sikuona'. Akiweza hilo, siku akisema 'nimeona', nitashusha nyavu nimefumba macho." Alimgeukia Delphine. "Ukungu ukiinuka, rudi ukaitazame hiyo ngazi ya chini."

"Nitarudi."

"Na mimi naenda," alisema Myrtle, akitupa jiwe lake majini.

Wazee walitazamana. Siku za uangalizi mtu hafuati mwangalizi. Bibi Eunice akagonga fimbo chini. "Kufuata nyuma ndiko kunakokatazwa," alisema. "Ubavuni ni ruhusa. Mngeniuliza mimi miaka ishirini yote ile, ningewaambia."

Basi ukungu ulipoinuka, wasichana wawili walishika njia ya maporomokoni, mmoja akiburura mabuti makubwa, mwingine akiongea bila kituo.

"Bi Mkubwa," alisema Myrtle, "hivi uko sawa?"

Delphine alifikiri kidogo kabla ya kujibu. "Leo, nusu," alisema, na Myrtle akapunguza mwendo ili watembee sambamba.